Gauni la Bluu la Modesta

Odeta alikuwa mchora mabango pale Buzuruga, Mwanza, karibu na stendi. Saluni nyingi za upande ule zilikuwa na wanawake wake ukutani: shingo ndefu, midomo myekundu, nywele za kung'aa. Wateja walimsifu kwa mkono wake mwepesi. Yeye mwenyewe alishaanza kuwachoka wale wanawake, maana hakumjua hata mmoja.

Siku moja, kwa muuza vitabu vya mitumba, alipata kitabu cha picha kisicho na jalada. Kilijaa kazi za wachoraji wa zamani wa nchi za mbali: wavunaji waliopinda migongo, wachimba makaa ya mawe, wafua nguo wenye mikono iliyochanika. Wote walichorwa kwa heshima, kama wafalme. Alikaa nacho wiki nzima, kisha akapanda mlimani nyuma ya nyumba yake kumtafuta Modesta.

Modesta alikuwa jirani yake, mama wa miaka arobaini na ushee, aliyegonga kokoto tangu alipoolewa na kuvuka ziwa kuja Mwanza kutoka Sengerema. Aliketi chini, akabana jiwe ndani ya pete ya mpira wa tairi ili lisiruke, akapiga nyundo. Hivyo kutwa nzima.

"Dada, nataka nikuchore."

Modesta alicheka. "Mimi? Si ungeniambia jana nikaoge!"

"Hivyo hivyo ulivyo."

"Na vumbi hili?"

"Na vumbi."

Modesta alimtazama kidogo. "Haya. Kazi yako unaijua wewe."

Kwa miezi mitano Odeta alipanda pale kila alipopata nafasi. Aligundua kwamba vumbi la mawe si jeupe; asubuhi, mwanga wa ziwa ukiligusa, lina ubluu wa majivu. Aliujua ukucha wa kidole gumba cha Modesta uliong'oka usiote tena. Taratibu akaelewa anachokitaka: awachore wagonga kokoto wote wa mlima ule, mmoja mmoja, ili anayelala kwenye ghorofa ajue jiwe lake lilipitia mikono ya nani. Picha ya Modesta ilikuwa ya kwanza. Alipoimaliza, Modesta aliitazama muda mrefu, akasema tu, "Kumbe nachoka hivi."

Mvua za Machi zililegeza udongo. Siku moja, saa nne asubuhi, jiwe kubwa liliteremka na udongo, likamfukia Modesta. Wenzake walifukua kwa mikono, wakamtoa ameshakata roho.

Kesho yake mumewe, Luhaga, mlinzi wa ghala, alifika kwa Odeta na mfuko wa plastiki.

"Shemeji, tunasafirisha mwili kwenda kwao Sengerema alasiri. Picha yake tuliyo nayo ni ya kitambulisho, na hata hapo amefumba macho. Naomba ile yako itangulie mbele ya jeneza."

"Ichukue, shemeji. Ni yako."

Luhaga hakuichukua. Alitoa mfukoni gauni la bluu, la kitenge, lililopigwa pasi.

"Mvalishe hili kwenye picha. Uitoe nyundo. Na uso umfute vumbi."

"Shemeji, ndivyo alivyokuwa."

"Najua alivyokuwa! Miaka ishirini na miwili namwona anarudi hivyo. Nilimwahidi nitamtoa kule. Wakwe zangu wasimwone nilivyomfanya."

Odeta alisimama na brashi mkononi. Alijua cha kumjibu. Kwa miezi mitano hakuwa amefikiria kingine. Lakini mbele yake alikuwa mwanamume anayelia huku ameshika gauni la marehemu kwa mikono miwili. Hata kuipiga picha kwa simu kabla ya kuibadilisha hakukumbuka. Alifungua kopo la bluu.

Saa saba Luhaga aliibeba, rangi ikiwa bado mbichi, ameitenga na nguo zake. "Mungu akubariki, shemeji. Huyu ndiye mke wangu."

Chini ya turubai la msiba, wagonga kokoto walipita mmoja mmoja. Sabina, aliyekaa miaka mingi bega kwa bega na Modesta, aliinama, akaitazama picha, akanong'ona kwa mwenzake, "Huyu ni nani?"

Odeta alisikia. Baadaye gari likashuka kivukoni, na picha ikavuka pamoja na mwili. Luhaga hakurudi tena Mwanza.

Odeta alijaribu kumchora Modesta upya. Vitambaa viwili vya kuchorea alivichana. Cha tatu alikipandisha mlimani akamwonyesha Sabina.

Sabina alijifuta mikono kwanza. "Mikono ni yake," alisema. "Hata kile kidole. Uso, mwanangu, sijui ni wa nani."

Odeta aliketi kwenye kokoto akalia, bila kujificha. Wanawake waliweka nyundo chini wakamwacha alie. Kisha lori la kuchukua mzigo likapiga honi kule barabarani, nao wakaziokota nyundo zao.