Tambi Kwenye Kamba ya Nguo

Sitaki mtu aniambie niliota. Nilikuwa macho, tena alasiri, jua bado kali. Anayetaka kucheka acheke, mie nasimulia nilichokiona uani kwetu Chang'ombe.

Mama yangu, Zuhura, baba yake alikuwa Mchina. Alikuwa anatengeneza tambi hapohapo nyumbani, akafa mama akiwa hata shule hajaanza. Watu walimwita Ming, basi na sie tukajiandikisha Ming, familia nzima. Miaka yote hiyo tunajivunia jina, kumbe siyo la ukoo. Mwanangu ndiye aliyeulizia kwa wafanyabiashara wa Kichina Kariakoo, wakamcheka. Kwao jina la ukoo hutangulia, la mtu hufuata. Ming ni jina la babu mwenyewe tu, alilopewa na mama yake. La ukoo hakuna aliyelijua.

Mama wakati huo yuko kitandani, hainuki. Habari ile ilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. "Nitakufa sina kwetu," akawa ananiambia. Usiombe kumsikia mama yako akisema vile. Tukauliza kila mahali, mpaka mitandaoni. Wapi.

Sasa siku hiyo natoka kuanua nguo. Kwenye kamba hamna shuka wala kanga. Kamba nzima imejaa tambi, nyeupe, mbichi, ndefu mpaka karibu na ardhi, zinayumba taratibu na upepo hakuna. Hata redio ya jirani, ambayo haizimwagi, siisikii. Mzee wa Kichina amesimama anazitandaza kwa vidole, unga umempanda mpaka kwenye viwiko. Niliogopa? Wala. Niliona kama nimemkuta mtu wa nyumbani anaendelea na kazi yake.

"Shikamoo," nikamwambia. Hakuitikia.

"Zuhura yupo?" akaniuliza, Kiswahili chake kama changu.

"Yupo ndani, anaumwa."

"Mwite. Mwite kwa jina lake lote."

"Hatulijui, mzee wangu."

"Ukoo wake ni Lau. Mwite Lau Zuhura."

Niamini, furaha ilinipanda nikasahau hata kumuuliza yeye ni nani. Mtu mzima mie, nilikimbia na kanga inaniporomoka. Nikafika mlangoni kwa mama nikaita kwa sauti, "Lau Zuhura."

Mama, ambaye hata kugeuka tulikuwa tunamgeuza, aliinuka akakaa. Hakunitazama mie. Alitazama dirisha la uani, uso umemchanua kama binti mdogo.

"Abee baba," akaitikia. "Nakuja."

Kisha akajilaza, akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Nikamshika mkono, nikaushika sana, ndipo nikajua nimeshabaki peke yangu mle chumbani.

Majirani waliponipeleka uani nikalie huko, nguo zangu zilikuwa kwenye kamba, zimekauka, kila moja ina unga. Niliwaonyesha watu. Wakasema ni vumbi.

Sasa niambie, nilimpeleka mama kwao au nilimtoa duniani? Wanangu wanasema alikufa ameridhika, na wanataka tuanze kulitumia lile jina. Nimewakatalia, tena kwa ukali. Ndani ya nyumba yangu halitamkwi. Wanaona mama yao amechanganyikiwa, sawa, ila wao hawasikii ninachosikia. Alasiri nikiwa mwenyewe, naitwa kutoka uani: Lau, halafu jina langu.

Nawe unayehangaika kutafuta ukoo wenu, tafuta, sikukatazi. Ila akitokea mtu usiyemjua akakupa jina hivihivi tu, muulize kwanza amekuja kumchukua nani. Na ukija kuitwa kwa jina hilo, nyamaza. Najua ninachokuomba ni kigumu, mie mwenyewe kuna siku najiziba mdomo kwa kanga. Maana anayeniita siku hizi siyo babu. Ni mama.