Besi Iliyongoja

Wapiga muziki wenzake walimwita Dada Besi. Mawifi zake, ambao mwanzoni waliona aibu mke wa kaka yao kusimama jukwaani na gitaa refu kuliko ufagio, nao mwishowe wakamwita hivyo hivyo.

Gitaa lenyewe lilikuwa la besi, la umeme, la nyuzi nne, la kahawia. Pale alipozoea kulaza mkono wa kulia rangi ilikuwa imebanduka, mbao ikabaki wazi. Aliachiwa na kaka yake, aliyechoka na muziki akaenda kuendesha malori. Watu walimletea mengine ya kujaribu, mapya, yanayong'aa, akawarudishia. "Mapya yana kiherehere," alisema.

Bendi yao ilipiga kila kitu, maana ukumbi wa hoteli walikokuwa wakipiga alasiri za mwisho wa juma ulijaa watu wa kila namna. Kwenye rumba Dada Besi aliacha nafasi nyingi, akagusa uzi na kunyamaza, akagusa tena, wachezaji wakapata pa kuweka kiuno. Kwenye rege alichomeka kipande cha sifongo chini ya nyuzi, akapiga kwa gumba, sauti ikatoka fupi na nzito, kama mtu anayetembea pekupeku ghorofa ya juu. Kwenye jazi vidole vyake vilitembea bila kupumzika, na wageni wazee wakaacha vikombe vyao wakawa wanamtazama. Jumapili asubuhi alipiga kanisani, ameshika noti ndefu chini ya kwaya, wala hakuna aliyegeuka kumwangalia. Hapo ndipo alipopapenda kuliko kwingine.

Nyuma yake, katika mitindo yote hiyo, alikaa mumewe kwenye dramu. Walikuwa wamejuana kwa mapigo kabla ya kujuana kwa maneno. Bendini walitaniwa: "Besi na dramu ni mke na mume, wakinuniana nyumba nzima haili." Kwa hao wawili utani ulikuwa ukweli mtupu, maana siku waliyogombana nyumbani, rumba ilikataa kuchezeka.

Kisha mume akapata kiharusi. Alikuwa bafuni ananyoa ndevu, mkewe akasikia kopo likianguka. Hospitali ikamrudishia maneno, ikamrudishia mkono, na baada ya miezi ya mazoezi ikamrudishia mguu wa kulia pia. Ndivyo alivyosema daktari. Ndivyo alivyoamini mwenyewe.

Siku ya kwanza aliporudi kwenye chumba cha mazoezi, kile cha nyuma ya gereji chenye trei za mayai ukutani, wenzake walimpigia makofi hadi akafuta macho. Wakaanza na rumba ya polepole. Dada Besi alipiga noti yake ya kwanza mahali pake pa siku zote, na teke la dramu kubwa, ile inayopigwa kwa mguu wa kulia, likaja baadaye. Si sana. Ni kama mtu aliyekwama kidogo na kiatu mlangoni. Akamgeukia. Mume alikuwa anatabasamu, macho yamefumbwa. Hakusikia kitu. Kichwani mwake mguu ulikuwa umeshafika.

Noti iliyofuata mke aliichelewesha, ikatua pamoja na ule mguu.

Akaanza hivyo, na akaendelea hivyo. Rumba ilikubali, kwa sababu rumba ina uvumilivu. Rege ilikubali zaidi, hata mwimbaji, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, akasema siku hizi inavuta vizuri. Jazi ilikuwa taabu. Pale besi inatakiwa kutembea, yeye alikuwa kama anayemwongoza mgonjwa kwenye ngazi, amemshika kiwiko, macho yakiwa miguuni. Akitoka hapo shingo imekakamaa. Jumapili, kanisani, ambako hakukuwa na dramu, alikuwa anapumua.

"Uko sawa?" kiongozi alimuuliza siku moja wakikunja waya. "Naona kama unapiga huku umebeba gunia."

"Nimechoka tu, kaka."

"Shemeji je? Mguu haumsumbui?"

"Yuko vizuri."

Waliosema mficha maradhi kilio humuumbua hawakukosea, lakini yeye hakuwa akificha maradhi yake mwenyewe. Alimwona mume akiamka asubuhi akichagua shati la kazini, akipiga kijiko kwenye kikombe, na akajiambia bado kidogo.

Homa ndiyo iliyoharibu. Dada Besi alilala kitandani anatetemeka, na bendi ikaazima mpiga besi wa bendi nyingine, mtu stadi, mcheshi, asiyejua lolote. Mume akaondoka na fimbo yake ya kutembelea, akiimba.

Alirudi jua halijazama. Hakuvua viatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, na mkewe akajua kabla hajafungua mdomo.

"Yule bwana kanigeukia mbele ya watu," alisema. "Wimbo wa kwanza. Kaniuliza, mzee, mguu umeuacha nyumbani? Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikadhani yeye ndiye mbovu. Wimbo wa pili, vile vile. Wa tatu kiongozi akasimamisha."

"Baba watoto..."

"Ngoja. Nataka kujua jambo moja. Wewe ulikuwa unasikia?"

Mke alivuta shuka.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mume alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo watu hawa wakati wote walikuwa hawanisikii mimi. Walikuwa wanakusikia wewe ukinifunika."

"Nilitaka upige. Ulikuwa na furaha."

"Furaha ya mtoto aliyepewa usukani wa gari lililozimwa." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi mkewe. "Ungeniambia. Mtu mwingine yeyote angeninyamazia ningeelewa. Wewe?"

Mume mwenyewe ndiye aliyempigia kiongozi simu kujitoa. Dramu zake akaziacha palepale gereji.

Bendi ikapata mpiga dramu mwingine, kijana mkimya, mwenye mguu kama saa ya ukutani. Dada Besi alirudi kazini akidhani angalau mgongo utapumzika. Wimbo wa kwanza kijana akasimama.

"Samahani, dada. Unachelewa."

Wakarudia. Akachelewa tena. Rumba, rege, jazi, kila mtindo alioujua kama viganja vyake, vidole vilikuwa vinangoja mguu ambao haupo. Alikuwa amevifundisha kungoja, na vilikuwa vimefundishika. Kiongozi alimvumilia kwanza. Kisha akamvuta pembeni. "Dada yangu, nakuheshimu. Lakini besi inaburuza. Jirekebishe, au nifanye nini mimi?"

Akawa anafanya mazoezi nyumbani, sebuleni, mlio wa kuhesabia ukitoka kwenye simu: tik, tik, tik. Mume alikuwa chumbani, mlango wazi. Wifi aliyekuja kuwatembelea akawaambia nyumba hii siku hizi kuna saa tu inayoongea.

Halafu alasiri moja sauti ikatoka chumbani. "Umechelewa."

Akapiga tena.

"Bado. Usinisubiri."

Akaacha kupiga, mkono juu ya nyuzi. Kisha akaendelea. Kuanzia hapo ikawa kila siku, yeye anapiga na mume anasema kutoka kitandani: bado, bado, hapo, umerudi nyuma. Sikio lake kwa mwenzake lilikuwa zima. Mguu wake mwenyewe tu ndio lililoshindwa kuusikia. Hawakuzungumza jambo lingine kwa muda mrefu kama walivyozungumza hilo.

Jazi ndiyo iliyopona kwanza, kisha rege. Rumba ya polepole ilikataa kwa wiki nyingi. Mpaka alipoipiga mara moja, yote, mwanzo mpaka mwisho, kila noti juu ya mlio wa simu, hakuna hata moja iliyongoja. Akaenda kusimama mlangoni.

"Nimepatia?"

"Umepatia." Alikuwa amegeukia ukutani. "Wewe umepona. Nifungie mlango, nilale kidogo."

Mume aliishi miaka mingine mitatu. Dada Besi aliendelea kupiga hotelini na kanisani, na watu wakasema amerudi kama zamani. Mume hakuja kumsikiliza hata mara moja, wala yeye hakumwomba. Akirudi alimkuta amemwekea chakula na kukifunika vizuri, na kila mara mume alitaka kujua kutoka kwake kijana wa dramu amepigaje. Mkewe kila mara alijibu, "Vizuri," kwa sababu ilikuwa kweli.