Plakete za Samy

Ukimpelekea Kabamba plakete ya breki, kile kipande kinachobana diski, hakusalimii kwanza. Anaipitishia kidole, anainusa, kisha anakuambia unavyoendesha. Ikiwa imeliwa upande mmoja, pistoni imekwama. Ikiwa imeisha kabisa, wewe ni mvivu, umengoja mpaka chuma kikwaruze diski. Mimi nauza mafuta ya injini hatua tatu kutoka banda lake, hapa Shituru, na kwa miaka tisa sijamwona akikosea. Hubandua gamba lililokwisha, hubandika jipya, na kazi yake inashika pikipiki, malori, hata winchi za kupandisha madini. Anajisifu kidogo, lakini anayo haki.

Mwezi wa tano, lori la mdogo wake, Samy, lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa kwenda Kapolowe. Samy alikufa pamoja na wanawake wawili waliokaa juu ya magunia ya makaa. Plakete za lori lile alizifunga Kabamba mwenyewe, juma moja kabla.

Hakulia. Lori lilipovutwa hadi hapa, alifungua gurudumu la ndugu yake kama anavyofungua la mtu yeyote. Watu wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Niliwaambia wafunge midomo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akanionyesha plakete: bado nene, imeshika vizuri, ila uso wake unang'aa kama kioo, na diski imegeuka bluu. Nikaelewa. Samy alishuka mlima mzima na gia huru ili asichome mazuti, yaani dizeli, upumbavu wa madereva wetu wote, na breki peke yake ikabeba tani zile mpaka ikaungua.

Siku ya tatu baada ya maziko akaja mama yao, Mama Clotilde. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Kabamba, unambie kweli. Kwa kanisa banasema ni Samy aliua bale bamama. Ni yeye?"

Kabamba alikuwa bado ameshika plakete. Nilijua atakachosema, na nilikosea.

"Hapana, mama. Ni kazi yangu. Nilibandika mubaya."

Mama akashusha pumzi, ya kwanza nadhani tangu msiba.

"Aksanti Mungu. Mutoto wangu hakuua muntu," akasema, akaondoka.

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia Kabamba kwamba amejipaka matope bure, kwamba wateja watakimbia na mama hatamsamehe. Akaendelea kufagia. Na ikawa hivyo hivyo: wiki ya pili banda lilikuwa tupu, na Jumapili kanisani Mama Clotilde alimpita mlangoni bila salamu. Kabamba akaingia, akaimba nyimbo zote.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kama haimuumi, kumzika Samy na kunyimwa salamu na mama. Akajipapasa kifuani, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Bado haijaanza," akasema.