Kireno Changu cha Salamu

Kosa ni langu, na wala msinitafutie kisingizio. Sikurogwa, sikutumwa, sikulazimishwa na mtu. Nilijifanya najua, basi. Jina langu niachieni mwenyewe, maana hapa mtaani kwetu Temeke nimeshasemwa vya kutosha.

Mdogo wangu Hamisi alihamia Beira, Msumbiji, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, akaoa hukohuko. Wifi yangu Zaida ni mcheshi, ana roho nzuri, ila Kiswahili hana hata cha kuombea maji. Kila Hamisi akipiga simu, wifi anatusalimia kwa Kireno na mama anabaki anacheka tu. Nikasema hapana, mie nitaongea na wifi yangu!

Nikaanza kujifunza kwenye simu, zile video za maswali na majibu. Como está? Hujambo? Estou bem, sijambo. Como se chama? Unaitwa nani? Nasuka wateja saluni huku hedfoni ziko masikioni na midomo inatembea. Baada ya muda nikawa nayatema! Wateja wananiambia, "Dada, hebu tupe Kireno!" nami nawapa. Sifa zikanipanda kichwani, sifichi.

Ila oneni nilichojifunza. Kila jibu lilikuwa la heri. Hujambo, sijambo. Habari, nzuri. Ni kama salamu zetu wenyewe, mtu anatetemeka kwa homa na bado anakwambia nzuri. Somo la kukataa sikulifikia, na sikuona hata haja ya kulifikia.

Siku moja Hamisi hapatikani kwenye simu. Mchana ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa wifi. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, akainua uso.

"Anasemaje?"

Nikaweka hedfoni. Nikasikia ele, yaani yeye. Nikasikia nao, kama nao yetu ya Kiswahili. Nikasikia está bem. Hee, nimeelewa! Yeye, nao, wazima! Hamisi na watu wa kwake wote hawajambo! Maneno yaliyofuata yalikuwa yanakwenda mbio, nikaona ya nini kujisumbua. Nikauzima ujumbe haujafika hata nusu.

"Hawajambo, mama. Wanakusalimia sana."

Hizo salamu nilizitunga mwenyewe!

Mama hakutulia. "Mbona hapigi mwenyewe? Hebu tumwite Bi Modesta naye asikilize." Bi Modesta ni jirani yetu, mama wa Kimakonde aliyekulia Msumbiji, na Kireno anakiongea kama sisi tunavyoongea Kiswahili.

Nikanuna. Yaani mie nipo halafu aitwe jirani? "Mama nawe! Sasa mie muda wote huu najifunza nini? Kasema bem. Bem ni wazima."

"Haya mwanangu. We ndo unayejua." Akarudi kwenye mchele wake.

Na wifi nikamjibu, tena kwa bashasha na kicheko juu: Muito bem, obrigada! Vizuri sana, ahsante! Nikiwaza alivyoisikiliza sauti yangu akiwa kwenye hali ile, natamani ardhi ipasuke niingie.

Siku zikapita kimya. Kisha ukaja ujumbe mwingine, na huo haukutaka mkalimani, kilikuwa kilio kitupu. Mama mwenyewe ndiye aliyetoka mbio kumwita Bi Modesta, hata mtandio hakukumbuka.

Bi Modesta akasikiliza, akakaa chini taratibu. "Hamisi hatunaye, jamani. Wameshamzika." Akanigeukia mie. "Kwani hawakuwaambia kama anaumwa?"

Nikauweka ule ujumbe wa kwanza, safari hii bila hedfoni.

"Não está bem," akarudia polepole. "Mwanangu, hiyo não ni hapana. Wazima wapi! Anasema mumewe ni mgonjwa, hali mbaya, kalazwa, na anamtaka mama yake. Anasema fanyeni haraka."

Ujumbe ulikuwa bado haujaisha. Wifi akanyamaza, tukasikia simu inasogezwa, halafu ikaja sauti ya Hamisi, dhaifu, kwa Kiswahili cha nyumbani: "Mama, njoo basi."

Kiswahili! Kilikuwemo humo humo, nilikibeba kwenye simu yangu siku zote zile, nikienda nacho saluni na kurudi nacho! Ningesubiri kidogo tu!

Mama hajanigombeza. Laiti angenipiga! Wifi naye namba yangu kaifunga, na kumwomba radhi sijui nimwombe vipi, maana maneno ya radhi hayakuwemo kwenye zile salamu zangu.

Nyie wenzangu mnaojua kidogo mkataka muonekane mnajua sana, nawaomba, semeni sijui! Muiteni anayejua, hata kama roho inawauma. Msije mkafikia hapa nilipo mie. Kila mama akimaliza kuswali anakuja kukaa ubavuni pangu. "Niwekee, mwanangu," ananiambia. Kumnyima siwezi, kuufuta ule ujumbe siwezi. Namuwekea. Anangoja wifi amalize Kireno chake chote, Hamisi aseme, kisha anaisogelea simu na kumjibu: "Nakuja, baba. Nakuja."