Nguzo ya Dragoni

Fundi mwashi yule watu walimwita Timazi, kwa kuwa kuta zake haziyumbi, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kupita kiasi. Ndiyo maana asubuhi moja alipouona ufa kwenye nguzo ya uani kwake, aliinama kuukagua kwa siri, kama anayefunga kamba za viatu. Bahati mbaya alikuwa amevaa ndala.

Nguzo ilikuwa ya dragoni, ule mmea wa jamii ya kakti wenye tunda jekundu la magamba. Miaka minne nyuma mkewe, mshonaji, alikuja na kipande cha shina cha urefu wa mkono, akamwomba amjengee kitu cha kukipandishia. Fundi akakitazama kile kijiti kisicho na jani hata moja, akacheka. Ya nini kupoteza nondo za chuma? Akamwaga zege tupu, akaweka tairi kuukuu juu, akapiga lipu safi.

Hakujua anacheza na nini. Mashina yale ya pembe tatu yalitoa vijizizi ubavuni, yakang'ang'ania zege, yakapanda hadi kwenye tairi na kuinamia nje. Kila shina likazaa mengine, na yote hunyonya maji na kuyaweka akiba tumboni. Sasa lilikuwa rundo ambalo wanaume watatu wasingelibeba. Chini yake, kivulini, ndipo mkewe alipoweka cherehani kila siku.

Mvua ikanyesha siku tatu, na rundo likazidi kunenepa. Fundi aliogopa, aliogopa hasa. Ufa uliopitisha ukucha sasa ulipitisha sarafu. Aliegemeza mbao mbili kwenye nguzo, akadai ni za kuanikia nguo. Alimsihi mkewe ahamie barazani; mkewe akasema barazani kuna giza. Kusema sababu kulimshinda.

Siku ya nne, mkewe akiwa ameinamia sindano, zege likaalika. Fundi alimvuta mkono kwa nguvu hadi uzi ukakatika. Kisha akachukua panga, akaweka ngazi upande wa pili, akaanza kukata mashina.

"Umeingiwa na nini?" mkewe aliuliza. "Huoni vitumba? Ua lenyewe linachanua usiku mmoja tu. Nimelingoja miaka minne, leo unalifyeka?"

"Nguzo haina nondo," alisema bila kugeuka. "Nilidhani ni mmea tu."

Mkewe hakupiga kelele. Alikitazama kigoda chake, akaitazama nguzo, kisha akaanza kuokota vipande na kuvipanga kivulini, ili vidonda vya panga vikauke kabla ya kupandwa upya.

"Na zege la juu la nyumba ya binti yetu," mkewe alisema hatimaye. "Si ulilimwaga mwaka huohuo?"

"Pale niliweka, mama. Nakuapia niliweka."

Na kweli alikuwa ameweka, nondo nene, akazifunga kwa waya mwenyewe, moja baada ya nyingine. Chini ya zege hilo walilala binti, mumewe na mapacha wao.

Mkewe aliweka chini kipande cha mwisho. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu.

"Mwanangu," alisema, "leo chukua watoto, mje mlale huku."