Sahani ya Tatu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikiwa sitaki. Nilikuwa binti mdogo, fundi wa maabara hapa Arusha, na kazi yangu ilikuwa kusaka bakteria ambao bado hawajapewa jina na mtu yeyote. Matope tuliyatoa kwenye mikoko ya Tanga, yakapandishwa huku kwa basi ndani ya boksi la barafu. Kwetu Ngaramtoni walinicheka kweli: "Umesoma kote huko ili upekue tope?" Wacheke tu. Mimi nilijiona nimefika.

Mwalimu wangu, Mzee Kaaya, Mmeru wa maneno machache, alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Maisha yake yote alitamani kuandikisha spishi mpya moja tu. Tope lile likatupa kidoa cha rangi ya chungwa kisichofanana na chochote vitabuni. Lakini ili kikubalike, lazima kiwe hai na kiwe peke yake. Unachukua chembe, unaipaka kwenye sahani mpya yenye chakula chake, unasubiri wiki nzima iote, kisha unarudia. Mara tatu. Aliyejificha nyuma ya mwenzake huonekana hapo.

Mimi nilirudia mara mbili. Nilikuwa nimechoka, mwanangu, uchovu ule wa kuingia mifupani. Mama alikuwa mgonjwa. Nikitoka kazini naenda kumwuguza, nikitoka kumwuguza naenda kazini. Mzee aliponiuliza kama nimemaliza, nikajibu, "Mara tatu, mzee. Iko safi." Wala ulimi haukuniuma.

Tukatuma chupa ya bakteria wetu nje ya nchi, kwa watu wanaohifadhi bakteria hai. Barua ikarudi: humu wamo wawili, si mmoja. Mzee akaandika jibu, akanipa nilipeleke posta. Bahasha ilikuwa wazi, nami nikasoma, Mungu anisamehe. "Angalieni tena huko kwenu," aliandika. "Msaidizi wangu haruki hatua."

Lo! Nilifika daraja la Themi, bahasha bado mkononi. Nikarudi, nikamwambia yote huku nalia.

Hakufoka. Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. "Kuchoka si kosa, binti yangu. Ungesema umechoka, sahani ile ningeipaka mwenyewe."

Tulirudi kwenye sahani zetu tuwatenganishe. Tulikuwa tumechelewa. Yule mwingine alikuwa amemmaliza wetu wa chungwa, hata kwenye chupa ile ya nje wa chungwa alikuwa ameshakufa, na tope lenyewe lilikwisha. Mzee akastaafu bila spishi yake. Nilikuwa nikimtembelea kwake Nduruma, ananikaribisha chai, na jambo lile hakulitaja hata mara moja mpaka tukamzika. Afadhali angenitukana.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sasa nami ni mzee, magoti yamegoma, nimechoka kwelikweli, na nalisema bila haya. Nawe nakuona, macho mekundu, ukiulizwa unajibu "niko poa". Huko poa, mwanangu. Ukichoka, sema umechoka. Kazi ikikushinda, mpe mwenzio aishike. Ila usiseme imekwisha nayo haijaisha, kwa sababu yupo mtu anayekuamini, na huyo ndiye atakayelipa. Mungu akupe nguvu za kazi yako, na siku nguvu zitakapokuishia, akupe mdomo wa kusema.