Mteja wa Kwanza wa Kalundu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa Mfuko hakunionyesha meza wala kiti. Aliniacha nimesimama mlangoni mwa ofisi yake pale Bukavu, akaniuliza swali moja.

"Madame, umesoma uchumi, ni vizuri. Lakini iko kitu gani umeisha kuuza kwa mikono yako?"

"Ndagala, Bwana Mkurugenzi. Mama yangu alikuwa anauza visamaki vile vya ziwa kwenye bandari ya Kalundu, kule Uvira, na minye nilikuwa pembeni yake."

Akacheka, akanivutia kiti. "Kaa basi. Benzako wote waliniletea diploma tu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka mvi zikanitoka. Mfuko wetu ulitoa pesa kwa walimu wa vyuo waliovumbua vitu vya mawasiliano, ili uvumbuzi wao utoke maabara uingie sokoni. Cheo changu kilikuwa chargée de suivi, yaani mfuatiliaji wa miradi. Watu wa Uvira walikifupisha wakaniita Mama Suivi, na wengine mpaka leo hawajui kama nina jina lingine.

Kazi ilikwenda kwa awamu. Awamu ya kwanza tulimlipia mtafiti prototipu, kifaa cha kwanza cha kujaribia, kibaya kwa sura lakini kinachofanya kazi. Awamu ya pili ilikuwa majaribio nje ya maabara, kwenye mvua na vumbi na mikononi mwa watu wasiojua kubembeleza mashine. Awamu ya tatu, ya kutengeneza vifaa vya kuuza, haikutoka mpaka mtafiti alete mteja wa kwanza: mtu wa kweli, asiye ndugu yake, anayekubali mbele ya mashahidi kulipia. Asipompata, Mfuko ulifunga faili na kuchukua vifaa vyake. Watafiti wengi walinichukia kwa sharti hilo. Sikujali, kwa sababu nilikuwa nimeona mashine nzuri nyingi zikifia kabatini.

Vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vimepamba moto nilipotumwa Uvira. Lori letu lilishuka bonde la Ruzizi likasimamishwa Bwegera, likasimamishwa tena Runingu, na katika kila kizuizi askari walikuwa wa upande mwingine na maswali yalikuwa yale yale. Nilikuwa naenda kwa mtu mmoja tu, Chef de travaux Kashindi. Chef de travaux ni cheo cha mwalimu wa chuo ambaye bado hajafika uprofesa, na Kashindi alikivaa kama suti. Maabara yake haikuwa na vioo madirishani, umeme wake ulitoka kwenye betri za lori, lakini kichwa chake, nasema bila kupunguza, kilikuwa bora kuliko vyote nilivyokutana navyo kazini.

Lazima niwaeleze foni, maana nyinyi mmezaliwa na simu mfukoni. Foni ilikuwa redio ya mawimbi mafupi, yale yanayoweza kuruka milima. Unaingia kwenye kibanda, unakaa kwenye benchi na wenzako, zamu yako ikifika unamwita mtu wako aliye Baraka au Kalemie, na benchi zima linasikia unayosema. Mvua ikinyesha unasikia mikwaruzo tu. Kashindi alikuwa ameunda modemu, sanduku la kufunga kwenye foni. Lilibadili herufi kuwa milio, milio ikaruka na mawimbi, na upande wa pili ikarudi kuwa herufi kwenye kioo kidogo. Kelele zikimeza herufi moja, sanduku lenyewe liliijaza. Juu ya hayo alikuwa ameweka kufuli la hesabu, ili asiyehusika asiweze kusoma.

Awamu mbili zilikuwa zimepita salama. Mkurugenzi alikuwa ameniagiza waziwazi: mvua za masika zikiisha bila mteja, nirudi Bukavu na masanduku. Kashindi alilijua hilo. Alikuwa ameacha nafasi ya kufundisha ng'ambo kwa ajili ya sanduku lile, na mke wake hakumwacha aisahau nafasi ile.

Tukashuka Kalundu kutafuta wafanyabiashara. Kashindi alivaa tai. Alimwambia kila mwenye mashua neno lile lile kwa fahari: "Kwa mashine hii, unachosema kitakuwa siri yako. Hakuna atakayesikia." Walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha chai, kisha kila mmoja akakumbuka ana shughuli mahali pengine. Siku hata siku ikawa hivyo.

"Kizuri chajiuza," Kashindi aliniambia tukipanda kurudi mjini. "Watakuja benyewe."

"Chajiuza kwa anayejua kizuri chake," nikamjibu. "Hawa wanakikimbia, na weye hujauliza kwa nini."

Kesho yake nilirudi peke yangu kwa Mama Riziki, mjane mwenye mashua mbili zilizopeleka mchele wa bondeni Baraka na kurudi na mawese. Sikumwambia habari ya mashine. Nilikaa naye kwenye magunia, tukala ndizi za kuchoma, nikamuuliza kwa nini alimkimbia mwalimu wangu.

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mama Suivi, weye uko unataka baniue? Siku hizi mutu wa siri iko nani? Iko mupelelezi! Askari bakisikia Mama Riziki anatuma maneno mutu hasikie, nitalala wapi?"

"Na kama askari wasingekuwepo?"

"Hata basingekuwa. Nikisema pa foni, 'Nimetuma mchele, magunia iko haya,' batu bote ba pa benchi banasikia. Kesho mutu wa Baraka akikana, minye niko na bashahidi. Ile mashini ya mwalimu itanipa shahidi gani?"

Nilijisikia mjinga, na nilifurahi kujisikia hivyo, kwa sababu sasa nilijua pa kushika. Mimi na Kashindi sote tumezaliwa ufukoni huu, tumekaa kwenye mabenchi yale tangu utoto, na hatukuona kwamba benchi lenyewe lilikuwa sehemu ya mashine. Kashindi alikuwa amekwenda kuwauzia watu dawa ya ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Nilipomwambia aondoe kufuli, aligonga meza. "Lile kufuli njo utafiti wangu, Mama! Nimelifanyia kazi miaka. Uko unataka nivue nguo mbele ya watu?"

"Ninataka upate mteja. Mvua zimebaki chache."

"Na nikitoa kufuli, nitabaki na nini?"

"Utabaki na herufi zinazofika wakati sauti haifiki. Je, hicho ni kidogo?"

Siku mbili hakunisalimu, na mimi nina kiburi changu, nikamwacha. Siku ya tatu alikuja na sanduku kifuani. Kufuli lilikuwa limezimwa, na kioo kimegeuzwa kuelekea benchi ili kila aliyekaa asome, na mwendeshaji wa foni asome kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Tulilifunga kwenye foni ya Kalundu, na sanduku la pili likapelekwa kwa mashua kwenye foni ya Baraka. Tulimwalika kamanda wa bandari aje kukaa benchini atakapo, ajionee kwamba hakuna siri. Alikuja mara mbili, akachoka kusikiliza bei ya mchele, akatuacha.

Masika yakiwa ukingoni, Mkurugenzi alifika mwenyewe kupitia Bujumbura, na barua ya kufunga faili imekwisha kupigwa chapa. Asubuhi ile mapigano yalikuwa yamesikika upande wa kusini, na mashua ya Mama Riziki ilikuwa imeondoka jana yake kwenda Baraka, imejaa watu, na kijana wake ndiye nahodha. Mvua kubwa ilikuwa inapiga mabati. Kwenye foni, Baraka ilikuwa mkwaruzo mtupu. Wanawake walijazana kibandani mpaka mlangoni, na hakuna aliyekuwa na habari ya Mkurugenzi wala ya Mfuko.

Kisha kioo kikaanza kuandika. Mwendeshaji akasoma: mashua imefika, watu wote ni wazima, majina ndiyo haya. Akasoma jina moja moja, na kila jina mwanamke mmoja alipiga kelele au akakaa chini. Jina la nahodha lilikuja mwisho kabisa. Mama Riziki hakulia. Alivuka benchi akashika mkono wa Kashindi, halafu akageukia watu.

"Musikie bote. Hii mashini, minye nitailipia kila mwezi. Bote munasikia?"

"Tunasikia!"

Mkurugenzi alichana barua yake pale pale. Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Baada ya hapo nilipangiwa Kalemie, kisha Goma, chini ya Waratibu kadhaa wa Mfuko, wengine wakali, wengine wapenda mikutano. Simu za mkononi zilipofika, masanduku ya foni yaliwekwa kando, kama ilivyokuwa lazima. Lakini kampuni aliyoianzisha Kashindi kwa pesa za awamu ya tatu ilikuwa tayari na mafundi, na mafundi wale walijua milima, betri na wateja.

Sasa nimestaafu. Watafiti vijana hunijia na michoro yao mizuri, nami huwauliza ni nani aliyewakimbia na kwa nini. Wengi hawajui. Basi huwaambia habari ya kikao changu cha mwisho kazini, siku Kashindi, akiwa profesa sasa, alipoleta kifaa kipya cha kufuatilia mashua ziwani. Mratibu, kijana aliyetoka mji mkuu, alizipekua karatasi zote, akainua kichwa.

"Profesa, ninyi mnajua sharti letu. Mteja wenu wa kwanza atakuwa nani?"

Kashindi alifungua mdomo, lakini nyuma yetu, kwenye viti vya wageni aliokuja nao, kiti kilisogea. Mama Riziki, mzee sasa, anaegemea fimbo, alikuwa amesimama.

"Iko minye," alisema. "Na nimeisha kuanza kulipa."